Matangazo ya tv yanapiga kelele kuliko tamthilia yenyewe, nyie mnafanyaje?

MamaSwaumu_Makorora:

Assalam aleikum wana Tanga, na wasio waislam habari za jioni. Nina swali ila kwanza niteme hasira zangu, mniwie radhi.

Hivi na kwenu tv ikifika kwenye matangazo sauti inapaa yenyewe ama ni kwangu tu? Maana mie saa tatu usiku ndo muda wangu, watoto wameshakula, vyombo vimeoshwa, nakaa na tamthilia yangu ya Kituruki hizi walizotia sauti za kiswahili. Sasa wale watu si mnawajua, wanaongea kwa kunong'ona, mwanamke analia kwa ndani, mume anatoa siri ya urithi taratiiibu, inabidi nipandishe mpaka 30 na kitu huko ndo nidake maneno. Pale pale anapotaka kutaja mtoto ni wa nani, kata! linaingia tangazo, ngoma, vigelegele, jamaa anapayuka bei za mabati. Mtoto anashtuka kitandani, mama mkwe ndani anauliza nani huyo kaja, na rimoti wakati huo imeshaingia chini ya kochi.

Na nyumba yetu ni hizi za kiswahili za zamani, vyumba sita ukumbi katikati, kuta zimeishia njiani hazikufika kwenye bati na dari hamna, kwahiyo tv yangu ya chumba cha mbele mpaka wa uani anaisikia. Mpangaji mwenzangu anaamka alfajiri kukaanga vitumbua, juzi kaniambia kwa ustaarabu kabisa, mama Swaumu tamthilia yako nimeshaizoea na mie naifatilia huku kitandani, hayo matangazo ndo siyawezi. Nimeona aibu.

Nauliza, wanafanya makusudi? Kuna mahali pa kuseti? Na kuna pa kulalamika ama ndo tuvumilie hivyo hivyo?

mgosi_wa_kange:

Hapo kwa mama mkwe umeniua 😂😂 pole mwaya. Mie dawa yangu ni rimoti haitoki mkononi, tangazo likianza tu nazima sauti, mama watoto akiishika yeye anachelewa tunagombana. Ubaya wake unasahau kurudisha, kuna siku Coastal wanacheza nikasikia mtaa mzima unashangilia mie nakodolea macho picha bubu, goli nimeliona ila raha yake nimeikosa.

Chumbageni_Finest:

Dada mie nitakupinga kidogo usinichukie. Hakuna mtu kule kituoni kakaa na kitufe anasubiri tangazo apandishe sauti. Tangazo hulitaki ndo maana unalisikia kubwa, ni akili tu. Tena mie nilishawahi kubisha na mtu hili jambo nikapakua programu ya kupima sauti kwenye simu nikaiweka mbele ya tv, namba ya juu kabisa ya sinema pale waliporushiana risasi na namba ya juu ya tangazo zilikuwa karibu sawa sawa. Tatizo ni hizi tv zetu nyembamba spika zake ziko nyuma zinaelekea ukutani, mazungumzo husikii unapandisha, alafu lawama anapewa mwenye tangazo.

MamaSwaumu_Makorora:

Akili tu? Mtoto wa miezi minane anashtuka usingizini na yeye ni akili tu? Haya.

Fundi_Barabara_ya_Nane:

Chumbageni umepima vizuri ila umesoma namba siyo. Ngoja nieleze maana hili watu wananiletea dukani kila siku, "fundi tv yangu inajipandisha sauti", naifungua haina ugonjwa wowote.

Sauti ya tv ina vitu viwili, kuna kilele, yani pale inapofika juu kabisa kwa sekunde moja, mlango ukipigwa, risasi ikilia, na kuna wastani, yani ile sauti unayokaa nayo muda wote. Kilele kina mwisho wake, kwenye mitambo ya dijitali kuna sifuri ambayo huwezi kuivuka, ukivuka sauti inapasuka. Kwahiyo ni kweli tangazo halijavuka kilele cha sinema. Sasa chukua kibaba cha mchele. Mwenye duka mmoja anamimina mchele unafika ukingoni kwa mlima mmoja pembeni na kwingine kuna mashimo, mwingine anamimina, anatikisa, anashindilia, anapiga sawa mpaka hakuna nafasi ya punje. Vyote vimefika ukingoni, ila nenda kavipime uzito. Tamthilia ni kile cha kwanza, mazungumzo yako chini kabisa na kilele kinakuja mara moja moja. Tangazo limeshindiliwa. Mtambo wa kushindilia unaitwa kompresa, pale sauti ndogo zinapandishwa na kubwa zinakatwa vichwa mpaka kila neno liko pale pale juu.

Kwa namba, mazungumzo ya tamthilia yanaweza kuwa chini ya kilele kwa desibeli 20 na zaidi, tangazo lililobanwa sana unakuta ni desibeli 8 au 10 tu. Na sikio la binadamu ukiongeza desibeli 10 linasikia kama sauti imezidi mara mbili. Hapo ndo mtoto anashtuka, wala si akili.

Rudia kipimo chako kwenye hiyo hiyo programu ila usiangalie namba ya juu, angalia ile ya wastani, weka dakika mbili za mazungumzo alafu dakika mbili za matangazo. Simu haipimi kwa uhakika lakini tofauti kati ya hizo mbili utaiona.

Ila la spika kuelekea ukutani umesema kweli, hilo sikupingi, tv nyembamba mazungumzo yanafifia watu wanapandisha kufidia.

Chumbageni_Finest:

Sawa mkuu nimekuelewa, kesho narudia kipimo. Ila bado nasema si kituo kinachopandisha.

Fundi_Barabara_ya_Nane:

Kituo hakipandishi, lakini na kushusha hakishushi, na kinajua.

Mtanga_aliyeko_studio:

Nimeingia hapa kusoma tu ila nimejikuta natajwa bila jina 😅 Mie nyumbani Mabawa, kazi niko Dar, natengeneza matangazo ya redio na tv studio ndogo tu. Dada Makorora swali lako la kwanza jibu lake ni ndio, makusudi, ila kaa usikie makusudi ni ya nani.

Mteja akija nimtengenezee tangazo hasikilizi kwenye spika zangu nilizonunua kwa jasho, anasema nitumie whatsapp, analisikiliza yuko kwenye bajaji na honi za mjini. Alafu anapiga, "mbona la fulani linasikika zaidi yangu?". Hapo mie nina mawili, nimweleze habari za kilele na wastani kama fundi alivyoeleza, ataitikia sawa sawa alafu mwezi ujao ataenda kwa mwingine, ama nibane zaidi nimtumie tena aseme eeeh sasa umefanya kazi. Nina kodi ya kulipa, nabana. Na yule fulani nae akisikia langu anamrudia fundi wake, "mbona lile". Ndo tumefika hapa tulipo, kila mtu yupo juu kabisa na hakuna anayemzidi mwenzake, anayeumia ni mama mkwe wako.

Na kuna jambo jingine, wateja wanajua fika watu wakiona tangazo wanainuka, huyu jikoni huyu chooni, kwahiyo wanataka sauti iwafuate huko huko. Ndo maana kwenye sauti ya mtu tunapandisha kile kipande cha kati ya hertz 2000 na 5000, sikio linakidaka upesi kuliko vingine hata ukiwa chumba cha pili. Mtangazaji akiwa na sauti nyembamba kali ndo kabisa. Kelele si lazima iwe kubwa ili ichome, inategemea imechoma wapi.

Msinitukane sana, nimesema ukweli.

Mwl_Mstaafu_Raskazone:

Hatukutukani mwanangu, umesema vizuri tena umesema kwa adabu.

Mimi ni mtu wa redio kuliko tv. Tv yenyewe huku bara imeanza 1994 wakati wenzetu Zanzibar wanayo tangu 1973, sisi tumekulia Radio Tanzania Dar es Salaam. Enzi hizo sikumbuki kushtushwa na tangazo. Msomaji alikaa mbele ya kipaza sauti kile kile alichosomea taarifa ya habari, akasoma matangazo ya vifo, akasoma na ya biashara, sauti ile ile, na fundi mitambo mmoja upande wa pili wa kioo mkono wake uko kwenye swichi. Kila kitu kilipita kwenye mkono wa mtu mmoja na sikio la mtu mmoja. Sasa nikiwasikiliza nyinyi naelewa kwamba tamthilia imetoka Uturuki, sauti za kiswahili zimeingizwa kwingine, tangazo la mabati limetoka kwa huyu kijana wa Mabawa, la mkopo limetoka kwingine, kila moja ni faili lililokuja limeshamalizwa, na kompyuta inayapanga tu usiku kucha. Nani anasikiliza kabla halijanifikia? Hapo ndipo mimi ningeuliza.

Mtanga_aliyeko_studio:

Shikamoo mwalimu. Umepiga penyewe kabisa. Na jibu ni kwamba siku hizi haihitaji hata mtu wa kusikiliza, kuna kipimo. Shirika la mawasiliano la kimataifa ITU walitoa kanuni ya kupima ukubwa wa sauti kwa jinsi sikio linavyosikia, BS.1770, tangu 2006, alafu 2010 umoja wa watangazaji wa Ulaya EBU wakaweka R128, kila kinachorushwa, kipindi au tangazo, wastani wake uwe -23, yani desibeli 23 chini ya ile sifuri aliyoitaja fundi. Wamarekani wao -24. Kompyuta ya kituo inalipima faili likiingia, limezidi inalishusha, basi.

Na utamu wake ni huu, kituo kikipima hivyo mie kubana hakunisaidii tena. Nikibana mpaka mwisho kompyuta inanishusha nafika pale pale alipo mwenzangu ambae hakubana, tena langu linasikika bapa halina uhai, lake lina ngoma inapumua. YouTube na Spotify wanafanya kitu cha namna hiyo, kiwango chao kiko karibu na -14, kinachozidi wanakishusha. Wateja wangu wa mtandaoni wakishajisikia hivyo wanakuja wenyewe, "punguza kubana". Sijamhubiria mtu.

mgosi_wa_kange:

Kwahiyo hata mkigombana huko studio dawa iko kwa mwenye kituo. Anunue mashine.

Mtanga_aliyeko_studio:

Na mashine yenyewe wengine wanayo mgosi, programu tu. Kuiwasha ndo kazi, maana siku ya kwanza mteja mkubwa anapiga simu kwamba tangazo lake limeshuka sauti na yeye ndo analipa mishahara.

Binti_wa_Pongwe:

Naomba niingie hapo kwenye kulalamika maana dada aliuliza na hajajibiwa. Nasoma sheria kwahiyo mnisamehe nikirefusha.

Wenzetu Marekani hili jambo wamelilalamikia toka miaka ya 1960 huko, tume yao ya mawasiliano FCC ikawa inasema ni vigumu kupima kitu ambacho kila mtu anakisikia kivyake. Akatokea mbunge wa California anaitwa Anna Eshoo akapeleka muswada wa kurasa chache tu, kwa upande wa seneti ukabebwa na Sheldon Whitehouse, Obama akausaini tarehe 15 Desemba 2010, unaitwa CALM Act, na kanuni zake zikaanza kubana vituo tarehe 13 Desemba 2012. Muangalie ilivyokaa kiakili, haisemi tangazo lisizidi desibeli kadhaa, inasema wastani wa tangazo uendane na wastani wa vipindi linapowekwa. Ndo kile kile alichosema kaka wa studio. Upungufu wake iliwagusa watu wa tv za kawaida na keboli na satelaiti, hawa wa kuangalia kwa intaneti haikuwagusa, mpaka California wenyewe wakatunga ya kwao, gavana kaisaini Oktoba 2025 na imewekwa ianze tarehe 1 Julai 2026, nayo ni kwa matangazo ya kwenye sinema za intaneti.

Kwetu mambo ya utangazaji yako chini ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, kwa sheria ya mawasiliano ya kielektroniki na posta ya 2010, na ndani yake kuna Kamati ya Maudhui ambayo imeshawahi kuviita vituo na kuvitoza faini kwa mambo mengine, kwahiyo si kamati ya kupamba. Utaratibu unaanza na kituo chenyewe, tena kwa maandishi, usipige simu maana simu haiachi kitu mkononi. Andika jina la kituo, tarehe, saa, kipindi gani na tangazo gani, ikiwezekana rekodi kwa simu kuanzia mwisho wa kipindi mpaka tangazo linapoanza bila kugusa rimoti, simu iwe sehemu moja isisogee. Wasipokujibu unachukua ile barua na ushahidi wako unakwenda nayo TCRA. Alafu kuna Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano, TCRA-CCC, hao kazi yao ni kusemea watumiaji, kwa jambo kama hili ambalo si la mtu mmoja mie ningewapelekea na wao nakala.

Na msichanganye na NEMC, wale wa mazingira, hao wana kanuni za kelele na mitetemo, ni za mabaa na makumbi na viwanda vinavyosumbua majirani. Ukienda NEMC na kesi ya tamthilia wanaweza kuanza kukuuliza wewe kwanini tv yako inasikika uani 😄

MamaSwaumu_Makorora:

Ahsante sana mdogo wangu, Mungu akufungulie. Ila hapo mwisho umenitia woga, mpangaji mwenzangu asije akaisoma hii.

Baba_Kibanda_Duga:

Mie naendesha kibanda umiza hapa Duga miaka sasa, naomba niseme kitu ambacho hamjakisema. Nyie mko sebuleni na tv moja, mie nina spika mbili za muziki na watu mia wamelipa. Kipindi cha kwanza kikiisha lile tangazo la kwanza likipasuka kwenye zile spika watu wanainuka wote, na mie nataka wakae wanunue soda na kahawa na kashata, sio wakimbie nje. Kwahiyo nilitafuta miksa ndogo ya mtumba, sauti ya king'amuzi inapita mle kabla haijaenda kwenye spika, refa akiweka filimbi mdomoni mkono wangu ushafika kwenye kitufe. Mwalimu kanikumbusha, kumbe mie ndo yule fundi mitambo wa nyuma ya kioo.

Kinachonishinda ni yale matangazo ya ndani ya mechi, mtangazaji mwenyewe anayasoma mpira unaendelea, hapo huwezi kushusha maana utakosa mechi, na anapoyasoma anapandisha sauti yake mwenyewe kwa hamasa. Hapo kompyuta ya kaka wa studio itapima nini? Ni mtu yule yule, kipaza sauti kile kile.

Mtanga_aliyeko_studio:

Hapo umenishika mzee wa Duga. Hilo linapimwa pamoja na mechi, ni sehemu ya kipindi. Halishuki.

Baba_Kibanda_Duga:

Basi na wenye matangazo wakiligundua wote watahamia humo humo ndani ya mechi.

Mtanga_aliyeko_studio:

Wameshaligundua.

Fundi_Barabara_ya_Nane:

Haya turudi kwa dada maana barua TCRA ni sawa lakini leo saa tatu tamthilia ipo. Chukua rimoti ya tv, sio ya king'amuzi, ingia kwenye menyu upande wa sauti, utakuta kitu kimeandikwa Auto Volume, au AVL, au Volume Leveler, kila kampuni na jina lake, kiwashe. Kazi yake ni ile ile ya kushindilia ila sasa unashindilia wewe, kinapandisha mnong'ono wa Waturuki na kinashusha payuka payuka ya mabati. Kama iko na Night Mode nayo jaribu, ukipata zote mbili chagua moja usiwashe zote sauti inakuwa ya ndani ya pipa. Kuna tv zina kitu cha kuinua mazungumzo, zimeandika Clear Voice au Speech, hicho kwa watu wa tamthilia ni kizuri kuliko vyote kwasababu hutafika hiyo 30 na kitu yako, ukibaki 18 tangazo likija linakuja kwenye 18.

Kingine, king'amuzi chako nacho kina sauti yake, watu wengi wanakiacha chini alafu wanapandisha tv, kiweke king'amuzi karibu na juu kabisa alafu utumie tv kupunguza na kuongeza. Na kama umeunganisha sabufa, jamani, sabufa! Asilimia kubwa ya kelele ninazoziona majumbani ni besi ya sabufa, mtu kaiweka mwisho toka siku aliyoinunua. Muziki wa tangazo umejaa besi na mazungumzo hayana, kwahiyo ukipunguza besi umepunguza tangazo peke yake na tamthilia hujaigusa. Iondoe pia sakafuni kwenye kona, kona inaongeza mvumo, na kwa hizo nyumba zenu zisizo na dari ule mvumo unapita juu ya kuta unakwenda kulala na mkaanga vitumbua.

MamaSwaumu_Makorora:

Fundi ahsante nimeipata, imeandikwa Auto Volume kweli, toka tununue tv hakuna aliyewahi kuigusa. Leo nimeangalia nayo mpaka mwisho. Matangazo yametulia si haba, bado yanasikika makali ila hayarushi roho. Ila kuna kitu kipya, wale watu wakinyamaza kidogo nasikia kama upepo unapanda taratibu, ssssss, wakianza kuongea unapotea. Na ile miziki ya huzuni imekuwa kama imefungiwa kabatini. Nimeharibu kitu?

Fundi_Barabara_ya_Nane:

Hujaharibu. Mashine haijui kama kimya ni kimya, inaona sauti imeshuka inadhani wananong'ona, inapandisha, inakuta hamna mtu inakuletea mavumbi ya sauti yaliyokuwa chini. Wakiongea inashusha. Kama tv yako ina ngazi, chini kati juu, weka chini. Haina ngazi basi ndo hivyo, chagua upepo au mabati. Kwenye muziki au mechi izime kabisa, mechi inataka ule uwanja upande na kushuka, ukiwasha hiyo goli na kona vinasikika sawa.

Chumbageni_Finest:

Nimerudi na kipimo. Wastani wa mazungumzo ya sinema 54, wastani wa matangazo 63. Sisemi kitu.

mgosi_wa_kange:

😂😂😂 sema tu mgosi

Chumbageni_Finest:

Nimesema sisemi. Ila nimepima na chaneli nyingine ya mambo ya wanyama, hiyo tofauti ilikuwa 2 tu, matangazo yake sikuyaona hata yalivyoingia. Kwahiyo inawezekana. Nimerekodi zote mbili kama alivyosema binti wa Pongwe, simu juu ya meza haijasogea, king'amuzi kile kile tv ile ile. Dada kama unaandika hiyo barua niambie nikutumie hizi video uziambatanishe, ukienda na chaneli mbili za king'amuzi kimoja hawawezi kukwambia ni tv yako mbovu.

Binti_wa_Pongwe:

Hiyo ni nzuri kuliko ushahidi wangu wote. Andikeni majina ya chaneli kwenye barua ila hapa jukwaani msiyataje. Nitaandaa rasimu fupi ya ukurasa mmoja, nichekini inbox, wanaotaka kuweka majina wajitokeze, watu saba nane wa mtaa tofauti wana uzito kuliko mmoja.

Baba_Kibanda_Duga:

Niweke.

mgosi_wa_kange:

Na mie, na mama watoto.

Zena_wa_Msambweni:

Mie nimechelewa nimesoma yote, naomba kuuliza msinicheke. Kwetu bado tuna tv chogo, ya marehemu babu, inafanya kazi vizuri tu na king'amuzi cha antena. Hiyo Auto Volume kwenye chogo ipo?

Fundi_Barabara_ya_Nane:

Hakuna wa kukucheka, chogo zina spika mbele na mazungumzo yake ni safi kuliko tv nyingi za sasa. Zile za mwisho mwisho nyingi zina AVL, Philips na LG naziona nazo sana. Bonyeza menyu nenda kwenye sauti, imekaa chini ya besi na treble. Kama rimoti yake ilipotea lete namba iliyoandikwa nyuma ya tv, rimoti za mtumba ninazo.

Zena_wa_Msambweni:

Rimoti ilipotea zamani tunabonyeza kwa mkono. Nakuja jumamosi inshallah.